Mapishi ya kipindi cha baridi Moshi na Arusha: mtori, kiburu, makande na loshoro, hatua kwa hatua

Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane huku kwetu hali inabadilika kabisa. Arusha usiku wa Julai joto linashuka chini ya nyuzi 15 na kuna siku jua halionekani mpaka mchana umeshaisha, Moshi mjini kuna nafuu kidogo ila ukipanda tu Kibosho, Uru, Machame au Marangu ukungu umelala kwenye migomba na ndani ya nyumba kuna ule ubaridi wa unyevu unaoingia mpaka kwenye blanketi. Kipindi hiki mwili unataka chakula kizito, cha moto, chenye supu, kinachokaa tumboni. Na chakula hicho kipo, wazee wa huku walishakipanga zamani kwa vitu vilivyokuwa vinatoka kihambani kwao, lile shamba la migomba la nyumbani, yaani ndizi, maharage, maziwa na nyama ya mifugo iliyofugwa hapohapo nyumbani.

Ninachokiona kwa vijana wengi waliopanga mjini, na hata kwa dada zetu walioolewa huku wakitokea mikoa mingine, ni kwamba vitu vyote wanavyo ila mpangilio ndo unawasumbua. Nyanya inawekwa mapema maharage yanagoma kuiva, maziwa yanachemshwa yanakatika, ndizi zinaingia pamoja na nyama mwisho zinakuwa uji wakati nyama bado ngumu. Kwa hiyo katika mwongozo huu nitasisitiza sana kitu gani kinaingia sufuriani saa ngapi, kwasababu vyakula hivi havina viungo vingi vya kuficha makosa.

Kabla hujawasha jiko

Jambo la kwanza ni muda. Arusha mjini iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kadri unavyopanda juu maji yanachemka kwa joto dogo zaidi, kwa Arusha ni kama nyuzi 95 badala ya zile 100 za pwani. Ndo maana mtu akipewa maelekezo na shangazi yake wa Dar kwamba maharage ni saa moja na nusu, huku anasubiri saa mbili na bado yanagonga meno. Sio lazima maharage yawe mabaya, maji tu hayajafika joto lile. Moshi mjini tofauti ni ndogo kwasababu iko chini zaidi, ila vijiji vya mlimani mambo ni yaleyale, ukipika makande Marangu panga muda mrefu.

Jambo la pili ni kuloweka. Maharage makavu na mahindi yaliyokobolewa yalale kwenye maji usiku mzima, maji mengi, mara tatu ya ujazo wake, asubuhi unamwaga hayo maji unaweka mapya. Ukiloweka unaokoa mkaa au gesi nyingi sana na tumbo pia linashukuru. Ukisahau kuloweka, chemsha dakika tano, zima, funika saa moja, mwaga maji, alafu anza upya.

La tatu naomba ulichukulie kwa uzito. Kipindi hiki watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani lipashe joto, wanafunga dirisha na mlango, wanalala. Mkaa unaowaka unatoa hewa ya sumu ambayo haina harufu na haionekani, na kila baridi ikija kuna familia zinapotea hivyo. Pikia nje, kibarazani, au jikoni penye dirisha wazi na mlango wazi, na chakula kikiiva jiko libaki nje hata kama makaa bado mekundu mazuri. Joto la kulalia litoke kwenye blanketi na chakula ulichokula.

Sufuria iwe nzito chini. Kama una chungu na unajua kukitumia tumia chungu, kiburu cha kwenye chungu kina ladha yake. Presha kuka nayo inafaa sana huku juu kwasababu inarudisha lile joto ambalo mwinuko umelipunguza, maharage yaliyolowekwa ni kama nusu saa tu, ila usijaze zaidi ya nusu maana maharage yanavimba na maganda yanaweza kuziba njia ya mvuke.

Sokoni ununue nini

Ndizi ndo kila kitu hapa. Kwa mtori, machalari, kiburu na loshoro tafuta mshare, ni ile ndizi nyembamba, ndefu, imepinda kidogo, ikipikwa inalainika vizuri bila kuwa na kamba. Mzuzu ni ya kuchoma na kukaanga, kisukari ni ya kuiva ukala hivihivi, usije ukachanganya. Ukienda Mbuyuni au Kiboriloni kwa upande wa Moshi, au Kilombero na Tengeru kwa upande wa Arusha, waambie akina mama kabisa kwamba unataka mshare ya mtori, watakuchagulia. Angalia ndizi iwe kijani kibichi, ngumu, imejaa ubavuni, zile zenye kona kali zimekatwa kabla hazijakomaa na mtori wake unakuwa mwepesi na wenye uchachu kidogo. Ikianza tu njano kichwani mtori unakuwa mtamu mtamu na watu wa huku hawataumaliza. Chane moja kubwa au mbili zinatosha familia ya watu sita.

Mahindi ya makande nunua yaliyokobolewa, yaani yaliyotolewa ganda la nje. Yale mazima yenye ganda yanaliwa pia ila muda wake ni mrefu sana. Maharage huku tumebarikiwa, kuna Lyamungu 90 yenye madoadoa ambayo jina lake limetoka kwenye kituo cha utafiti cha Lyamungo kule Hai, kuna Selian 97 nyekundu ya kituo cha Selian hapa Arusha, na kuna ile ya njano ambayo sokoni wanaiita soya. Mimi kwa kiburu nachagua ya madoadoa au nyekundu kwasababu ya rangi na mchuzi wake mzito, kwa makande ya njano inaiva haraka. La muhimu zaidi ya aina ni upya, maharage yaliyokaa stoo muda mrefu hayaivi hata uyaombe, kwa hiyo uliza ni ya msimu upi.

Magadi yanauzwa vipande vipande. Ziwa Natron lililo mkoa huuhuu wa Arusha limejaa magadi, kwa hiyo ni kiungo cha kwetu kabisa. Usiweke jiwe moja kwa moja kwenye chakula. Chukua kipande cha ukubwa wa ncha ya kidole, kiloweke kwenye nusu kikombe cha maji ya moto, acha mchanga utulie chini, utatumia yale maji ya juu tu. Magadi yanalegeza ganda la maharage na mahindi yanaiva haraka, ila yakizidi chakula kinateleza, kinakuwa na ladha ya sabuni, na vitamini B1 inaharibika. Kwa hiyo ni kidogo tu.

Maziwa kama unachukua kwa jirani anayefuga, chemsha kwanza hata kama ng'ombe anaonekana mzima kabisa, maziwa mabichi yanaweza kubeba brusela na kifua kikuu.

Mtori

Huu ndo mfalme wa baridi, ndizi zilizopondwa ndani ya supu ya nyama, na ndo chakula ambacho Uchagani mama aliyejifungua anapewa, kwasababu ni laini, una supu, una nguvu na haumsumbui tumbo. Kwa watu sita andaa kilo moja ya nyama ya ng'ombe yenye mifupa, kidari au mbavu, omba na mfupa mmoja wenye uboho, mshare kama 15 za wastani, vitunguu maji viwili, maziwa fresh kikombe kimoja au vijiko viwili vya siagi ya kienyeji au samli, chumvi, na ndimu za mezani. Vingine vyote ni nyongeza.

Hatua ya kwanza ni supu, na usiiharakishe. Osha nyama, weka kwenye sufuria na maji ya baridi lita tatu, baridi kweli, sio ya moto, maana ukianza na maji baridi ladha inatoka taratibu inaingia kwenye supu na lile povu linapanda juu kwa pamoja. Moto wa wastani. Povu likipanda lichote lote mpaka supu iwe safi, hapo ndo weka kitunguu kimoja ulichokata vipande vinne na chumvi nusu ya utakayoihitaji, alafu punguza moto mpaka supu iwe inatoa mapovu machache machache tu. Iache saa moja na nusu, na kama ni ng'ombe wa kienyeji aliyetembea sana inaweza kufika saa mbili na nusu. Utajua imefika pale nyama inapoanza kuachia mfupa yenyewe.

Supu ikiwa inaendelea, menya ndizi. Paka mikono na kisu mafuta ya kupikia kwanza, utomvu wa ndizi ukikauka mkononi unakuwa mweusi na hautoki kwa sabuni, na kwenye nguo ndo hautoki kabisa kwa hiyo vaa khanga ya zamani. Kata ncha zote mbili, pitisha kisu kwa urefu, bandua ganda kwa kisu ukihakikisha ule utando wa kijani hakuna uliobaki, alafu tumbukiza moja kwa moja kwenye beseni la maji yenye chumvi kidogo. Ukiziacha hewani zinakuwa nyeusi na mtori unakuwa wa kijivu.

Nyama ikiiva itoe, chambua ile iliyo laini kwenye mifupa ukate vipande vidogo, gonga mfupa wa uboho ule uboho urudi kwenye supu. Chuja supu. Pima kama upawa mitatu uiweke pembeni ikiwa ya moto, hiyo utaihitaji baadaye. Kwenye supu iliyobaki weka ndizi ulizokata mara mbili au tatu na kitunguu cha pili ulichokatakata, supu izifunike na kuzidi kama vidole viwili. Funika, moto wa wastani, dakika 30 mpaka 40. Usikoroge koroge. Ukichoma ndizi na kijiko ikakatika bila kubisha imeiva, lakini ikiwa na kiini kigumu katikati iache, kwasababu hicho kiini hakitasagika na utakikuta kwenye bakuli.

Watu wengine wanaweka nyanya, karoti na hoho. Mimi mtori nauacha mweupe, ladha ya ndizi na supu inatosha, na mgeni akitaka mboga nitampa mnafu pembeni. Kama lazima uweke nyanya basi weka moja iliyomenywa pale ndizi zikishaiva, kwasababu uchachu wa nyanya unachelewesha ndizi kulainika.

Sasa kupekecha. Toa sufuria kwenye moto, ponda ndizi kwa mwiko ukizisukumia ubavuni mwa sufuria, alafu chukua kipekecho, kishike katikati ya viganja viwili uzungushe mbele na nyuma mpaka mabonge yaishe. Kama huna kipekecho mwiko na nguvu ya mkono vinatosha. Blenda siipendekezi hata kidogo, inavunja wanga wa ndizi kupita kiasi na mtori unakuwa unanata na kuvutika badala ya kuwa laini. Mabonge madogo mawili matatu hayana shida, ndo utajua umepikwa nyumbani. Ukipekecha endelea kuongeza ile supu ya pembeni, upawa kwa upawa, mpaka upate uzito wa uji mzito unaomiminika. Ukiwa mezani utazidi kuwa mzito, kwa hiyo uache mwepesi kidogo kuliko unavyotaka.

Rudisha jikoni moto mdogo kabisa, rudisha nyama, onja chumvi. Hapa simama nao. Mtori unashika chini haraka na unaruka, tone lake likikupata mkononi linaunguza vibaya kwasababu linaganda pale pale, kwa hiyo tumia mwiko mrefu na koroga kutoka chini. Dakika kumi zinatosha. Maziwa au siagi ndo vinaingia mwisho, maziwa yawe yameshachemshwa na ya moto, koroga mara moja, zima. Usiache vichemke tena.

Pakua kwenye bakuli, ndimu na pilipili kila mtu aweke mwenyewe mezani, na ukitumia maziwa ndimu iwe matone tu. Wa mzazi hauwekwi pilipili. Mtoto aliyefikisha miezi 6 na ameanza kula anaweza kupewa wa kwake uliotolewa pembeni kabla hujaongeza chumvi nyingine, uliosagika vizuri bila nyama ya vipande.

Machalari

Hii ni ndizi nyama ambayo ndizi inabaki nzima. Kama umeelewa mtori hii ni rahisi. Chemsha nyama mpaka iive, ikaange na kitunguu mpaka ipate rangi, weka nyanya mbili tatu zichemke ziive kabisa, hapo ndo unaweka supu na ndizi. Safari hii nyanya inatangulia kwasababu hatutaki ndizi ivurugike, ule uchachu unaisaidia ishike umbo. Moto wa wastani, dakika 40 hivi, usikoroge, tikisa tu sufuria. Karoti na hoho hapa ruksa. Iache na mchuzi, machalari makavu kipindi cha baridi hayana maana.

Kiburu

Kiburu ni ndizi na maharage, chakula cha siku ambayo nyama haipo na bado mtu anashiba mpaka kesho yake. Kikombe kimoja na nusu cha maharage yaliyolowekwa, mshare 10 mpaka 12, kitunguu kimoja kikubwa, maji ya magadi, chumvi, samli au mafuta.

Maharage kwanza, peke yake, maji mapya, moto mkali. Nasema moto mkali kwasababu maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili inayosababisha kutapika na kuharisha, na inaisha kwa mchemko wa nguvu tu, moto mdogo peke yake hauitoi. Dakika 10 za kuchemka kweli kweli ndo kiwango cha chini, kwa mwinuko wetu mimi naacha nusu saa, alafu ndo napunguza moto. Wanaotumia vile vikapu vya kuhifadhi joto wasiruke hatua hii.

Yakifika hatua ya kwamba ukilibonyeza moja kwa vidole linakubali ila katikati bado gumu kidogo, mimina vijiko viwili vya maji ya magadi. Yatatoa povu, kwa hiyo usiwe umejaza sufuria. Baada ya dakika tano panga ndizi juu ya maharage, zilizokatwa mara mbili, maji yafike usawa wa ndizi tu yasizifunike sana. Funika vizuri, moto mdogo, dakika 40. Ndizi zitabadilika rangi ziwe za kahawia, ndo rangi yake hiyo na magadi ndo yanaileta.

Maji yakibaki kidogo chini weka kitunguu, chumvi na samli, funika dakika kumi, alafu geuza kwa mwiko kutoka chini kwenda juu mara chache, nusu ya ndizi zitapondeka zishikane na maharage na nusu zitabaki vipande. Usiponde yote. Kinaliwa cha moto, na kikombe cha maziwa mgando pembeni au mnafu wa kuchemsha, ule uchungu wa mnafu unaendana nacho sana.

Makande

Upareni, Same na Mwanga, makande ni chakula cha heshima, ila saivi Moshi na Arusha nzima watu wanapika, na kwa baridi hakuna sufuria moja inayolisha watu wengi kwa hela kidogo kuliko hii. Vikombe viwili vya mahindi yaliyokobolewa kwa kikombe kimoja cha maharage ndo uwiano ninaoupenda. Vyote vimelowekwa usiku mzima ila kwenye vyombo viwili tofauti, na sababu ni kwamba haviivi pamoja.

Mahindi yanatangulia. Weka maji mengi, chemsha saa moja nzima. Ndipo maharage yanaingia, chemsha kwa nguvu ile nusu saa niliyosema, alafu punguza moto viendelee pamoja saa moja mpaka saa moja na nusu nyingine. Kuwa na birika la maji ya moto pembeni, maji yakipungua ongeza ya moto tu, ukimimina ya baridi mchemko unakatika na unaanza kusubiri upya. Kijiko cha maji ya magadi unaweza kuweka ukiona yanasumbua, ila kama maharage ni mapya na umeloweka huyahitaji.

Nyanya na ndimu visiguse sufuria mpaka punje ya hindi imefunguka na harage linapondeka kwa ulimi. Hapa ndo makande ya watu wengi yanapofeli. Mtu anaweka kila kitu pamoja asubuhi, mpaka jioni maharage bado yana ganda gumu, analaumu maharage. Ni ule uchachu wa nyanya unaolikaza ganda.

Vikishaiva, kwenye sufuria nyingine kaanga vitunguu viwili mpaka viwe vya dhahabu, kitunguu saumu, karoti iliyokwanguliwa, hoho, mwisho nyanya tatu mpaka ziive na mafuta yajitenge. Mimina makande na maji yake, chumvi, acha yachemke taratibu dakika 15 ladha ziingiane. Sasa utamu wa mwisho, chagua kimoja, tui zito la nazi au karanga zilizosagwa. Karanga zikoroge na maji ya uvuguvugu kwanza ndo umimine, na baada ya hapo moto mdogo na mwiko usitoke mkononi, karanga zinaungua chini kimya kimya na harufu inaenea sufuria nzima. Tui nalo likishaingia dakika tano hadi kumi tu. Yaache na mchuzi mzito, yasikauke. Kula na parachichi lililoiva vizuri pembeni, watu wa huku wanajua.

Loshoro

Hii ni ya Waarusha na Wameru, ukienda Tengeru, Usa River au Ngaramtoni utaikuta majumbani. Ni mahindi yaliyokobolewa, ndizi mshare na maziwa mgando. Chemsha mahindi mpaka yawe laini kabisa, saa mbili au zaidi, ongeza ndizi zilizomenywa, zikiiva ponda kiasi, mahindi yabaki mazima ndani ya ndizi. Chumvi kidogo au usiweke.

Epua kwenye moto usubiri dakika 20. Maziwa mgando yakiingia kwenye chakula kinachofuka yanakatika, yanajitenga maji na mabonge, na hakuna namna ya kuyarudisha. Chakula kikiwa cha uvuguvugu, kile ambacho unaweza kutia kidole ukakiacha, mimina maziwa uliyoyapiga piga yawe laini, koroga, pakua hapohapo.

Kama unagandisha maziwa mwenyewe, yachemshe, yaache yapoe mpaka uvuguvugu, weka vijiko viwili vya mgando wa zamani, funika. Kipindi cha joto siku moja inatosha, baridi hii yanaweza kuchukua siku mbili, kwa hiyo kizungushie kibuyu au chombo chako blanketi na ukiweke kona ya jikoni penye joto.

Kisusio, ile supu ya damu, sijaiweka hapa kwasababu inahitaji siku ya kuchinja na mtu mzoefu wa kuikinga na kuikoroga damu ikiwa bado ya moto. Hiyo kajifunze kwa wazee ukiwa umesimama pembeni yao.

Asubuhi: uji wa ulezi na chai ya tangawizi

Uji: kikombe kimoja cha unga wa ulezi kikoroge na maji ya baridi, mimina kwenye vikombe vinne vya maji yanayochemka huku unakoroga, moto mdogo dakika 15 mpaka 20 harufu ya unga mbichi iishe, maziwa na sukari mwisho. Ukipenda wa ndimu basi acha maziwa.

Chai: tangawizi iponde uichemshe kwenye maji pamoja na mchaichai dakika tano ndo uweke maziwa. Tangawizi mbichi ikiingia moja kwa moja kwenye maziwa ya uvuguvugu inayakata, lakini ikishachemka haina tena nguvu hiyo. Majani ya chai baada ya maziwa kuchemka, dakika mbili, chuja, jaza chupa.

Kiporo

Baridi inawadanganya watu kwamba chakula kinaweza kulala jikoni kwenye sufuria. Sufuria kubwa ya makande inakaa na uvuguvugu masaa mengi na hapo ndo kinaharibika. Kigawe kwenye vyombo vidogo kipoe, ndani ya saa mbili kiwe kwenye friji, na asubuhi kipashe mpaka kichemke kabisa, isipokuwa loshoro ambayo haipashwi, pika ya kuliwa siku hiyohiyo. Makande ya jana yanapendeza asubuhi na chai ya tangawizi, kaanga kitunguu kidogo, mwagia, ongeza maji robo kikombe.

Mtori ukilala unaganda kama ugali. Usiuongezee maziwa ukiwa kwenye moto, ongeza supu au maji ya moto kidogo kidogo huku unaponda, uchemke, alafu siagi uiweke kwenye bakuli. Kama unajua utabaki, toa wa kesho kabla hujaweka maziwa, na ile supu ya ziada igandishe kwenye vikopo vidogo ili siku nyingine ukitoka kazini umelowa mvua unabaki na kazi ya kumenya ndizi tu.